Umekwama Kubadilika? Pima Kwanza: Ni Udhuru, Kisingizio au Hofu

Cherehani imefunikwa kitenge tangu mwaka jana. Fomu ya chuo imekunjwa mara nne ndani ya kabati la vyombo. Sigara "ya mwisho" imeshakuwa ya mwisho mara sita. Mwenye vitu hivyo si mvivu. Mtu huyohuyo huamka saa kumi na moja alfajiri, akapiga baiskeli kutoka Mabawa, hapa Tanga, mpaka bandarini, akarudi jua limezama, na hakosi siku. Kinachomshinda ni jambo moja tu, na kwa jambo hilo ana maelezo yaliyopangika vizuri mpaka ukimsikiliza unajikuta unaitikia kwa kichwa.

Maelezo hayo ndiyo visingizio, na kosa la karibu kila anayetaka kumsaidia ni kuyashambulia. Kumwambia mtu "acha visingizio" ni sawa na fundi aliyekata waya wa taa nyekundu kwenye dashibodi: taa imezimika, injini bado inachemka. Kisingizio ni dalili. Chini yake ipo hofu, na hofu ina jina: ya kuchekwa, ya kupoteza pesa, ya kushindwa kwa mara ya pili, ya kumuudhi mzee, hata ya kufanikiwa halafu ndugu wote wakakuelemea. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya hii haiifai ile. Kwa hiyo humu tumepanga mambo kwa dalili. Tafuta maneno unayoyasema wewe, uanzie hapo. Lakini vipimo viwili vinavyofuata usiviruke.

Utahitaji daftari, kalamu, simu yenye kengele, na mtu mmoja wa kukushuhudia. Mmoja anatosha. Wapo wanaoficha mipango yao kwa kuchelea husuda, na si lazima ubishane nao: ukiutangazia mtaa mzima, sifa unaila kabla ya kazi. Ila ukimficha kila mtu, siku utakayoacha hakuna atakayeuliza.

Kipimo cha kwanza: udhuru au kisingizio?

Haya ni maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Mgonjwa au msafiri aliyekula mchana wa Ramadhani ana udhuru, na kila mtu hapa Tanga anajua kinachofuata: siku zile anazihesabu, na atazilipa. Udhuru una idadi na una siku ya kulipa. Kisingizio hakina kimoja wala kingine.

Andika sentensi moja: "Sijaanza hiki kwa sababu ya kile." Kisha ihoji mara tatu.

Je, sababu hiyo ina namba? "Sina pesa" haina namba. "Napungukiwa shilingi 45,000 za ada ya mwezi wa kwanza" inayo.

Sababu hiyo ikiondoka leo jioni, kesho saa mbili asubuhi utakuwa wapi, unafanya nini? Mwenye udhuru hujibu kwa mahali na saa: "Nitakuwa Chuda kwa fundi, najifunza kukata suruali." Mwenye kisingizio husita kidogo, halafu sababu mpya inachomoza. Ukiona sababu ya pili imezaliwa palepale ya kwanza ilipoondolewa, umeshapata jibu lako.

Unalipa lini? "Mtoto ana miezi saba, na bibi yake anaweza kukaa naye Jumanne na Alhamisi kuanzia mwezi ujao." Huo ni udhuru safi. Andika tarehe, weka kengele, kisha ukae kwa amani. Udhuru hauhitaji ujasiri, unahitaji mpango, na kujilaumu kwa ajili yake ni kujichosha bure.

Kipimo cha pili: je, hofu yako inasema kweli?

Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Nahodha asiyetoa ngalawa yake wakati kusi inavuma kwa nguvu mwezi wa sita haogopi ovyo, anasoma bahari. Hofu ya namna hiyo usiitibu. Iheshimu, kisha ubadilishe mpango.

Mifano mitatu inayojirudia. Unaogopa kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili ufungue biashara ambayo hujawahi kuijaribu hata siku moja: hofu yako ina haki. Marejesho yanaanza kudaiwa siku chache baadaye, biashara bado haijajua wateja wake. Unaogopa kuacha kazi bila akiba: ina haki pia, na jibu ni kuanza jambo jipya kwa saa mbili za jioni huku kazi ikiendelea, mpaka uweke matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu.

Wa tatu ni uhai wa mtu. Anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akaogopa kuacha kwa kuwa asubuhi mikono inamtetemeka, asisukumwe kuacha ghafla akiwa peke yake chumbani. Ndani ya siku moja hadi tatu anaweza kupata degedege au kuweweseka, na hilo huua. Aende kwanza kituo cha afya, aeleze anakunywa kiasi gani na tangu lini, apunguziwe chini ya uangalizi.

Kama hofu yako haimo katika kundi hili, endelea.

Dalili: "Nitaanza Jumatatu", "Ramadhani ikiisha", "masika yakipita"

Kutamani tarehe safi si upumbavu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha watu huenda zaidi mazoezini mwanzoni mwa wiki, wa mwezi na wa muhula. Mwanzo wa kalenda unasaidia kweli. Kinachoharibu ni tarehe inayosogea: Ramadhani ikiisha unaingia Mfunguo Mosi na harusi zake, harusi zikiisha mvua zimekaza, mvua zikikatika ada za shule zinagonga mlango.

Hapa, mara nyingi, chanzo ni ukubwa wa hatua ya kwanza. Akili imeona mlima, ikaomba muda. Basi tarehe yako iruhusu kwa masharti mawili: isizidi siku saba kutoka leo, na leo hii ufanye kitu kimoja kisichozidi dakika kumi. Anayetaka kurudi shule aende stationari akaulize bei ya daftari na vitabu vya hesabu. Anayetaka kufanya mazoezi atoe raba chini ya kitanda, azifute vumbi, aziweke mlangoni.

Kisha andika sentensi ya "nikisha". Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi: mtu aliyefunga jambo jipya kwenye tukio ambalo tayari linatokea hulifanya mara nyingi kuliko aliyeishia kusema "nitajitahidi". Kwetu siku imeshagawanywa kwa adhana, kwa hiyo kazi ni nyepesi. "Nikisharudi kuswali Alasiri, kabla sijavua kofia, nakaa mezani na kitabu dakika 20." "Nikishapeleka watoto shule, sirudi ndani, natembea mpaka Raskazone." Sentensi isiyo na tukio la kuishika, kama "nitasoma jioni", haitakufikisha mbali. Jioni ya Tanga ni ndefu, na ina kahawa na kashata.

Dalili: "Sina mtaji"

Kwanza iandike namba. Wengi wakiandika wanagundua walikuwa wanafikiria mtaji wa duka zima, ilhali jaribio lao ni la kikapu kimoja.

Chukua chapati. Kilo 1 ya unga ikichanganywa na maji na mafuta hutoa donge la kilo 1 na nusu au zaidi kidogo, yaani chapati 16 hadi 18 za gramu 90. Ongeza robo lita ya mafuta, chumvi, na mkaa wa kuchoma saa moja. Nenda Mgandini au Makorora, uliza bei za leo, jumlisha, gawa kwa idadi ya chapati. Hapo umepata gharama ya chapati moja. Ukiongeza juu yake kama theluthi unaona bei, na unaona pia kama mtaa wako unaweza kuilipa. Jaribio hilo lote halifikii hata sehemu ndogo ya fremu unayoiota.

Kama namba bado ni kubwa, kwa mfano cherehani, mchezo ni njia nzuri kuliko mkopo. Watu 10, kila mmoja 5,000 kwa wiki, zamu yako ikifika unapokea 50,000. Mchezo hauzai faida hata senti. Nguvu yake ni kijumbe, yule mkusanya pesa anayepita mlangoni siku ya Ijumaa: haya ileile iliyokuwa inakuzuia, hapa inakuwekea akiba. Omba zamu ya tatu au ya nne. Anayepokea wa kwanza hukuta mpango wake bado haujaiva, pesa ikaishia kwenye sahani za harusi ya mtu. Anayepokea wa mwisho huchoka kungoja. Na usiingie mchezo ambao humjui kijumbe wake kwa jina na nyumba.

Ukishaandika namba, ukafanya jaribio la kilo moja, na bado hutoki nje kuuza, basi mtaji haukuwa tatizo. Soma dalili inayofuata.

Dalili: "Watu watanionaje?"

Tunakaa hapa kwa urefu, kwa sababu katika mji wa vibaraza hofu hii ndiyo inayojificha nyuma ya nyingine nyingi. Ngamiani, ukitoka barabara ya 9 mpaka ya 14 umeshasalimia watu ishirini, na kila mmoja anajua mama yako ni nani. Kushindwa mbele ya wageni ni hasara. Kushindwa mbele ya watu waliokuona ukikua kunaonekana kama fedheha.

Jambo la kwanza la kujua: macho uliyonayo kichwani ni mengi kuliko yaliyopo barazani. Chuo Kikuu cha Cornell kilichapisha jaribio mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye wenzao wangemwonea haya, wakaingizwa kwenye chumba chenye watu. Walikadiria karibu nusu ya waliokuwamo wameiona picha. Wale wa chumbani walipoulizwa wenyewe, walioiona walikuwa karibu robo. Watu wanakutazama, ndiyo, lakini nusu ya unavyodhani, na muda mfupi kuliko unavyodhani.

Maarifa hayo peke yake hayataupoza moyo. Kinachoupoza ni ngazi. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliifanyia kazi njia hii katika miaka ya 1950, na mpaka leo matibabu ya hofu yamesimama juu ya msingi huo: jambo linaloogopwa hugawanywa vipande, kila kipande hupewa alama kutoka 0 hadi 100, na mtu hupanda kimoja kimoja. Mfano ni wa mwanamke aliyekuwa karani, sasa anataka kuuza chapati mtaani kwake.

1. Kuchoma chapati 10 nyumbani, kumpa jirani mmoja, kumwomba ataje kasoro. Alama 15.
2. Kumuuzia shoga mmoja anayempenda, kwa bei kamili, na kupokea pesa mkononi. Alama 30.
3. Kupeleka mwenyewe oda za nyumba tatu. Alama 40.
4. Kukaa kwenye baraza ya nyumba yake na hotpoti yenye chapati 10, nusu saa, wakati watu ni wachache. Alama 50.
5. Kutoa jiko nje na kuchomea hapohapo, saa moja. Alama 65.
6. Kufanya hivyo siku tano mfululizo, saa mbili kila siku. Alama 75.
7. Kuhamia njia panda wanapopita waliokuwa wakifanya naye kazi. Alama 90.

Alama ni zako, usiazime za mtu. Wapo ambao kwao namba 2 ni ngumu kuliko namba 5, kwa sababu kinachowaogopesha ni kudai pesa kwa mtu wanayemjua.

Namna ya kupanda: anza na kidato, yaani daraja la ngazi, chenye alama kati ya 15 na 30. Ukiwa pale, jiulize kila baada ya dakika tano hofu ni ngapi sasa, uandike. Baki mpaka ishuke angalau nusu. Kidato ulichokianza kwa 50 kirudie siku nyingine mpaka kikuanzie chini ya 30, ndipo upande. Fanya mara tatu au nne kwa wiki. Ukipanda mara moja kwa wiki mbili, hofu hurudi palepale ulipoiacha.

Kwa nini ubaki? Ukikimbia hofu ikiwa kileleni, inashuka papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Kesho utakimbia mapema zaidi. Ukibaki mpaka ishuke yenyewe, mwili unajifunza kwamba pale mahali hapana simba. Somo hilo haliingii kwa mawaidha, linaingia kwa kukaa.

Ngazi huharibika kwa njia tunazozijua vizuri. Iliyo ya kawaida kabisa ni kujificha ukiwa palepale: mtandio mpaka puani, macho kwenye simu muda wote, au mtoto ndiye anauza na mama amesimama nyuma ya mlango. Chapati zinauzika, lakini hofu haipungui hata alama moja, kwa sababu akili inasema "nimepona kwa kuwa sikuonekana". Ukiona wiki mbili zimepita na alama hazishuki, tafuta ni wapi unajificha, uondoe maficho hayo kimoja kimoja. Kosa jingine ni kupima siku kwa mauzo. Umekaa nusu saa, hakuna aliyenunua, hofu imeshuka kutoka 50 hadi 20: kazi ya siku hiyo umeimaliza, hata kama chapati zote kumi mmekula wenyewe usiku. Na kama umekwama kati ya vidato viwili, nafasi ni pana mno. Weka cha katikati: badala ya saa moja, dakika kumi, na shoga yako akiwa pembeni siku mbili za mwanzo, siku ya tatu asiwepo.

Tayarisha jibu la sentensi moja. Litahitajika. Anayekuchokoza kwa kawaida husema kitu kama: "Eti shoga, siku hizi umekuwa wa kuuza chapati?" Usijieleze, usitaje ofisi, usicheke kwa aibu. Geuza chapati, inua macho, mwambie: "Naam shoga, karibu, hizi zimetoka sasa hivi. Nikufungie ngapi?" Lisemee mbele ya kioo mara kumi kabla ya kidato cha nne, mpaka ulimi ulitoe bila kufikiri. Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi, maana sasa zamu ya kujibu ni yake.

Ngazi hii hujengwa hivyohivyo kwa hofu nyingine. Anayeogopa maji hachagui siku ya bamvua. Anangoja maji mafu, ambapo bahari haipandi wala kushuka sana, anaenda na anayejua kuogelea, na kidato cha kwanza ni maji ya magotini kwa dakika kumi.

Dalili: moyo unadunda, jasho, mikono inatetemeka, unarudi nyuma mlangoni

Mwili umemwaga adrenalini, basi. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya kama dakika kumi, kisha hushuka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, kwa dakika tatu hadi tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana hiyo ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Kuvuta pumzi nyingi za haraka huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, ukadhani unakufa. Usingoje hofu iishe ndipo uingie. Ingia ikiwa kwenye 40.

Maumivu ya kifua yanayokwenda mkono wa kushoto au tayani, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kuzimia, si mambo ya ngazi wala ya pumzi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na kuna dalili inayofanana na woga wa kubadilika lakini siyo. Kwa wiki mbili au zaidi, karibu siku nzima, huna hamu hata ya vitu ulivyovipenda, usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, unajiona huna thamani. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na mgonjwa wake akipewa orodha ya malengo anazidi kuzama. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, utapewa rufaa ya hospitali ya Bombo ikihitajika. Yakikujia mawazo ya kujiua, usingoje rufaa: mwambie mtu wa nyumbani sasa hivi, mwende pamoja leo.

Dalili: "Umri umeshakwenda"

Ni kisingizio chenye sura ya hekima. Kipime kwa hesabu: jambo hili huchukua miaka mingapi, na miaka hiyo ikipita bila kulifanya nitakuwa na umri gani? Jibu ni lilelile. Nchi hii ilishawahi kulijibu swali hili kwa vitendo: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wenye wajukuu walikaa kujifunza herufi, usiku, kwa taa ya chemli.

Aliyeishia darasa la saba njia yake ipo. Anafanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanaujua kwa jina la QT, akifaulu anasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hufanyika Novemba, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima. Nenda kwenye kituo cha mitihani mwezi wa Januari, ukaulize tarehe ya mwisho na ada. Kwa anayetaka ufundi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi ambazo hazidai miaka yako.

Kinachowaogopesha watu wazima ni kukaa darasani na watoto. Basi hiyo ni dalili ya "watu watanionaje", na ngazi yake unaijua.

Dalili: mzee, mume au mke hataki

Kwanza hakikisha umeuliza. Wengi wanasimulia kukataliwa ambako hakujatokea. Usiombe ruhusa ya jambo zima. Omba jaribio lenye mwisho. "Baba, shikamoo. Naomba wiki nne za kusoma Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja mpaka saa moja. Zikiisha nitakuja tuzungumze tena." Mkubwa aliyeheshimiwa kwa tarehe hukubali kwa urahisi kuliko aliyeletewa uamuzi. Akikataa, uliza ni nini hasa kinamtia wasiwasi, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Mara nyingi ni usiku wa kurudi, au pesa, na vyote viwili vina jawabu.

Dalili: "Naanza vizuri, wiki ya pili naacha"

Zile siku 21 unazozisikia kila mahali, kwamba ndizo zinazojenga zoea, ziweke kando. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, kama kula tunda au kukimbia dakika 15 kila siku, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe. Aliyewahi aliwahi siku ya 18, na kwa wengine hesabu ilifika siku 254. Wiki ya pili, basi, ndipo mahali pa kawaida pa kuona uzito. Hamu ya mwanzo imeshaisha na zoea bado halijafika. Hujaharibika.

Utafiti huohuo uliona kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Kinachobomoa ni yanayofuata kichwani: "nimeshaharibu, bora niache." Hapa kanuni ya udhuru inageuka. Siku uliyokosa huilipi. Anayekosa dakika 20 leo akajidai 40 kesho, kesho atashindwa pia. Rudi kwa dakika 20, na kama umechoka, rudi kwa tano, ila saa na mahali viwe vilevile.

Halafu tazama mazingira kabla hujatazama moyo wako. Mvutaji wa sigara ni shahidi mzuri. Mtu anayesema hawezi kukaa saa mbili bila kuvuta, mwezi wa Ramadhani anakaa zaidi ya saa 13 kila siku, siku 29 au 30, na anafanya kazi zake. Uamuzi umeshafanywa tangu alfajiri, wenzake hawavuti, genge halimkumbushi. Halafu futari ikishuka, kahawa ikamiminwa, anavuta tatu kwa mpigo. Tatizo lake halikuwa mchana. Ni nusu saa ile, kwenye baraza ile, na watu wale.

Kwa hiyo atengeneze nusu saa ile. Siku tatu za kwanza bila nikotini ndizo nzito kuliko zote, na hamu ya kuvuta kwa jumla hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Tamaa moja ikija hudumu dakika chache tu, kwa kawaida chini ya kumi. Aandike: "Nikishafuturu, naosha mikono, natafuna karafuu, natembea moja kwa moja msikitini." Kahawa aiache kwa wiki mbili kama ndiyo inayoita sigara, anywe chai ya tangawizi. Kiberiti kitoke mfukoni. Sigara za mojamoja ndizo hatari zaidi kwake, maana bei yake ndogo inaonekana si kitu, kwa hiyo mwenye duka aambiwe mapema, kwa heshima: "Kaka, nikija kutaka moja, nikatalie mpaka Iddi."

Akiteleza akavuta moja, aandike saa, mahali na aliyekuwa naye. Kilichobaki akitie maji. Futari ya kesho akae upande wa pili wa baraza.